Miti ya Kivuli Mahali Penye Mvua Haba: Kuanzia Mzizini

Miche tisa ya kwanza niliyoipanda katika ua wa nyumba yangu ilikufa yote katika kiangazi kimoja, na minane kati yake ilikuwa ya aina ambazo kila mtu huzisifu kwamba hazijui kiu. Nilipokwenda kuing'oa, mkwaju mmoja uliokuwa umefika urefu wa goti ulitoka kwa mkono mmoja bila ubishi wowote, kama mtu anayechomoa muhogo mchanga kwenye tuta lililotifuliwa vizuri. Nilipukuta udongo nikaona kisa chake chote: mzizi mkuu ulikuwa umejikunja mara tatu kwa kufuata duara la kitako cha kiriba ulimokulia kitaluni, na miezi minane tangu upandwe haukuwa umetoka nje ya duara hilo hata kwa upana wa kiganja. Kiriba nilikwisha kukitupa zamani, lakini mti ulikuwa ungali unaishi ndani yake.

Ninaanza na mzizi huo kwa sababu ndio ulionibadilisha namna ya kuchagua miti. Tunapouita mti mstahimilivu wa ukame huwa tunasema kana kwamba ustahimilivu huo umo tayari ndani ya mbegu, kama ilivyo rangi ya maua yake, ilhali kilichomo ndani ya mbegu ni uwezo tu ambao mti hauna budi kuujengea mizizi. Mkwaju uliokomaa huweza kukaa miezi mitano au sita bila mvua kwa kuwa mizizi yake imekwisha kufika mahali ambapo udongo bado una unyevu. Mche wa mkwaju wenye mizizi ya sentimita 20 hauna njia ya kufika huko, na kwa hiyo hufa kwa kiu sawasawa na mche wa mpapai. Mwenye ua katika nchi kame, basi, huchagua vitu viwili kwa mkupuo: aina ya mti ambayo namna yake ya kuishi na kiu itapatana na nyumba yake, na mche ambao mizizi yake haijaharibika kabla haujafika mikononi mwake.

Nasema namna yake ya kuishi na kiu kwa sababu miti haikabili ukame kwa mbinu moja. Ipo inayokimbia, ipo inayochimba, ipo inayobana matumizi, na mingi huchanganya mbinu hizo kwa viwango tofauti. Inayokimbia ni ile inayopukutisha majani unyevu unapopungua, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya mti hupotelea kwenye vitundu vidogo mno vya majani, na mti usio na majani hauna pa kupotezea maji mengi. Mbuyu hufanya hivyo, migunga mingi hufanya hivyo, na mkunazi nao hufanya hivyo ukame unapozidi. Kwa mti wenyewe hiyo ni busara kubwa. Kwa mwenye nyumba lipo tatizo ambalo sikulifikiria mpaka lilipoanza kuniunguza utosi: mti wa namna hiyo hubaki vijiti vitupu katika miezi ile ile ya jua kali iliyokufanya utafute kivuli.

Ndiyo maana siku hizi simuulizi tena muuza miche kama mti wake unastahimili ukame, maana jibu ni ndiyo kila mara. Ninamuuliza kama huwa na majani pale kiangazi kinapofika kileleni. Wengine husita kidogo kabla ya kujibu, na mimi husubiri.

Upo mti mmoja unaokwenda kinyume na mingine yote katika jambo hili, nao ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Faidherbia albida, ndugu wa migunga. Huo hupukutisha majani mvua zinapoanza, kisha huvaa majani mapya wakati wa kiangazi, miti jirani inapokuwa mitupu. Wakulima wa nchi nyingi za Afrika huuacha mashambani kwa sababu hiyo hasa, kwa kuwa hauyanyimi mazao jua katika msimu wake na majani yake yaliyoanguka huurutubisha udongo. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilidhani nimepata jibu la ua wangu. Baadaye nilitambua kwamba ni mti unaoweza kufika mita 30, wenye miiba, na kwamba huweza kuwa na majani kiangazini kwa sababu mizizi yake hunywa kwenye maji yaliyo chini sana ardhini. Mahali ambapo maji hayo hayapo, au yamezibwa na mwamba, mti huo hauna ujanja wowote. Kwa kiwanja kikubwa chenye bonde karibu yake ningeupendekeza bila kusita. Kwa ua wa kawaida hapana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye miti inayochimba. Katika jangwa la Kalahari imepatikana mizizi ya mti uitwao Boscia albitrunca ikiwa kina cha mita 68, na katika jimbo la Arizona nchini Marekani wachimba madini walikutana na mizizi ya mti wa jamii ya Prosopis ikiwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Takwimu hizo hupendwa sana na watu wanaouza miche, na ni za kweli, lakini zinaeleza habari za udongo kama zinavyoeleza habari za mti. Mzizi haupasui mwamba mzima usio na ufa. Hufuata mchanga wenye kina kirefu, nyufa na njia zilizoachwa na mizizi iliyokufa, na ukikuta tabaka gumu kama saruji kwenye kina cha mita moja hugeuka na kutambaa pembeni. Hata miti yenye mzizi mkuu mrefu huwa na sehemu kubwa ya mizizi yake ya kunyonya katika nusu mita ya juu, ikiwa imetandaa mbali kupita ncha za matawi, mara nyingi umbali wa mara mbili ya upana wa matawi yake au zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, chukua sururu. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 mahali unapofikiria kupanda, ulijaze maji, uyaache yanywewe, kisha ulijaze mara ya pili na urudi kulitazama kesho yake wakati ule ule. Maji yakiwa yameondoka, una nafasi ya kuchagua karibu mti wowote. Yakiwa bado yametuama, una udongo wa mfinyanzi uliobana au tabaka gumu chini yake, na miti miwili ambayo watu huikimbilia kwanza, yaani mwarobaini na mlonge, itakusumbua, kwa sababu yote miwili huvumilia kiu lakini haivumilii miguu iliyolowa. Nilishangaa kujua kwamba mahali pakavu mti unaweza kufa kwa kuzama. Mvua ya nchi kame haiji kidogo kidogo. Huja yote kwa siku chache, hujaza shimo, na mizizi hukosa hewa.

Mimi nilichimba mashimo manne. Matatu yalikauka usiku ule ule, na la nne, lililo karibu na ukuta wa nyuma, lilikaa na maji kwa siku mbili na kuonyesha mstari mweupe wa chokaa kiunoni. Mahali hapo sikupanda mti. Pana benchi.

Kundi la tatu, la miti inayobana matumizi, ndilo ninalolipenda zaidi kulitazama kwa karibu, kwa kuwa ujanja wake unaonekana kwa macho. Chukua jani la mzeituni uligeuze: upande wa chini una rangi ya fedha kwa sababu ya vijinywele vingi vinavyoyafunika matundu na kuuzuia upepo mkavu usinyonye maji. Chukua kijiti cha mvinje ukikate kwenye viungo vyake: kile unachokiita jani ni tawi jembamba la kijani, na majani yenyewe yamebaki kuwa magamba madogo kama meno yanayozunguka kila kiungo. Vijani vidogo vya mkwaju na vya migunga navyo hupunguza joto kwa urahisi hata upepo ukiwa mdogo, jambo ambalo jani pana haliwezi kulifanya bila kumwaga maji. Ukitembelea mtaa wa watu uliozoea ukame, tazama majani ya miti iliyobaki kijani mwishoni mwa kiangazi, nawe utajua mbinu ipi inafanya kazi mahali hapo. Hakuna kitabu kitakachokueleza vizuri zaidi kuliko mti mzee usiomwagiliwa na mtu.

Sasa nitaje miti yenyewe, kwa kadiri nilivyoijua na kuichunguza.

Mwarobaini huja kwanza kwa haki yake. Asili yake ni bara Hindi, hukua vizuri panapopata mvua ya milimita 400 kwa mwaka na kuendelea, hukua haraka, na katika miaka mingi hubaki na majani kiangazini isipokuwa ukame ukiwa mkali sana. Umepandwa kwa maelfu katika uwanja wa Arafat nchini Saudi Arabia ili kuwapatia mahujaji kivuli, na sidhani kama kuna jaribio kali zaidi ya hilo. Lakini watu husahau kwamba ni mti wa mita 15 hadi 20 wenye mizizi inayosafiri mbali, na kwamba ndege na popo wakila matunda yake husambaza mbegu kila pembe, hata ukajikuta unang'oa miche ya mwarobaini kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwenye ufa wa sakafu na kwenye kiwanja cha jirani. Kama unataka kuuotesha mwenyewe, tumia mbegu mbichi, kwa kuwa hupoteza uwezo wa kuota baada ya wiki chache tu. Katika ua mdogo mmoja unatosha, na uwe mbali na shimo la maji taka.

Mkwaju ndio chaguo langu, ingawa siwezi kumlaumu anayekosa subira nao. Hukua polepole, kwa kawaida huchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, na hatimaye hutaka nafasi kubwa, yapata mita nane hadi kumi kutoka ukutani. Kwa malipo ya subira hiyo unapata mti unaokaa na majani karibu mwaka mzima, matawi yasiyovunjika ovyo kwenye upepo, na kivuli chepesi kinachopitisha upepo, ambacho ni tofauti kabisa na kivuli kizito na chenye joto cha paa la bati. Jioni vijani vyake hujikunja jozi kwa jozi, na mti mzima huonekana kama umepungua. Nilipoona hivyo mara ya kwanza kwenye mche wangu nilidhani umenyauka, nikaumwagia maji usiku bila sababu.

Mlonge ni mti wa mtu mwenye haraka. Katika mwaka mmoja huweza kukupita kwa urefu, hufaa kwenye kona ndogo, na hauhitaji mengi. Hata hivyo usiutarajie ukupe kivuli cha kukaa chini yake, na mbao yake ni laini, hivyo matawi hukatika upepo ukivuma. Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mlonge ulioota kwa mbegu hujenga mzizi mnene unaoshuka chini na kuhifadhi maji, bali ule uliopandwa kwa kijiti hubaki na mizizi ya juujuu. Miti hiyo miwili huwezi kuitofautisha kwa kuitazama majani, lakini kiangazi huitofautisha.

Kwa ua mdogo kabisa, mkomamanga ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kwa kawaida hauzidi mita sita au nane na hukubali kupogolewa. Mti wenyewe huvumilia ukame, ila matunda yake hupasuka ukiuacha ukauke kisha ukaumwagia maji mengi kwa ghafla, kwa hiyo anayeupanda kwa ajili ya matunda ajue amejiandikia kazi. Mkorosho hufaa panapo udongo wa kichanga wenye kina kirefu na nafasi ya kutandaza matawi. Mkunazi hauogopi udongo mbaya, lakini una miiba, nami nisingeupanda karibu na njia wanayopita watoto. Mtende na mvinje ndiyo ya kufikiriwa pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, kwa kuwa miti mingi niliyoitaja huungua ncha za majani yakimwagiwa maji ya namna hiyo. Mtende wa mbegu, hata hivyo, unaweza kuwa dume, na utalijua hilo baada ya miaka kadhaa ya kusubiri tende. Anayetaka uhakika hupanda chipukizi lililokatwa kwenye mtende jike.

Mbuyu niliuondoa kwenye orodha kwa huzuni kidogo. Shina la mbuyu mkongwe huweza kuzidi kipenyo cha mita 10, na ua wangu haukujengewa wageni wa namna hiyo.

Ipo miti miwili inayostahimili ukame kwa namna ambayo mimi naiona si ya kiungwana. Mkalitusi huota haraka na hubaki kijani, lakini aina nyingi zake hufanya hivyo kwa kunywa sana kila kilichopo, na mimea iliyo chini yake hudhoofika. Mwingine ni Prosopis juliflora, ambao Wakenya huuita mathenge. Uliletwa kutoka Amerika katika nchi kadhaa kavu, zikiwemo Kenya, Sudan na Ethiopia, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia mchanga usihame, kisha mifugo ikala maganda yake na kuzisambaza mbegu, na leo umeziba malisho na kingo za mito kwa vichaka vya miiba. Mti huo hufanya kila kitu ambacho muuza miche ataahidi: huota haraka, hauhitaji maji, haufi. Kabla ya kupanda mti mgeni unaosifiwa kwa kutokufa, jiulize utafanyaje siku utakapotaka ufe.

Kuhusu migunga, inabidi kuwa mwangalifu na majina. Neno mgunga hubeba aina nyingi ambazo hazifanani kwa ukubwa, miiba wala kupukutisha majani, na majina ya kitaalamu nayo hayakusaidii sana, kwa sababu mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa jamaa zake wa Australia, na migunga ya Afrika ikahamishiwa majina ya Vachellia na Senegalia. Vibao vya vitalu vingi havijapata habari hizo. Njia ya kuaminika ni kuomba kuonyeshwa mti mzima ambao mbegu zilitoka, kama upo karibu, na kuutazama wakati wa kiangazi.

Mahali pa kupanda panahitaji fikra kidogo tu. Jua linalotesa nyumba ni la alasiri, linalopiga ukuta wa magharibi na kuujaza joto ambalo huendelea kutoka ndani ya chumba hadi usiku wa manane, kwa hiyo mti mmoja upande wa magharibi una faida kuliko mitatu mahali pengine. Kuhusu mabomba, mizizi haina kawaida ya kutoboa bomba zima. Huingia palipo na ufa au kiungo kinachovuja, na mahali pakavu kiungo kinachovuja huwa ndicho chemchemi pekee. Rekebisha uvujaji kwanza. Mifikasi ya mapambo, miti ya jamii moja na mtini, ambayo huuzwa kila kitalu ikiwa midogo na ya kupendeza kwenye chungu, ningeiweka mbali kabisa na nyumba na mabomba.

Lipo jambo moja la mahali ambalo ni zaidi ya fikra kidogo, nalo ni maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua moja ya milimita 20 humwaga lita 1,200, na hata ukipoteza sehemu ya tano njiani unabakiwa na lita zipatazo 960, ambazo katika nyumba nyingi hukimbilia barabarani. Nilichimba mfereji mdogo kutoka kwenye kona ya paa hadi kwenye bonde la mkwaju, yaani kishimo kipana cha kushikia maji kuzunguka shina, mfereji wenye mteremko ambao jicho haliuoni, na kuuwekea mawe ili usikatike. Mche unaopokea maji ya paa huishi katika nchi yenye mvua mara kadhaa zaidi ya ile inayotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Nirudi sasa kitaluni, mahali nilipokosea tangu mwanzo. Nilikuwa nimechagua miche mirefu, kwa imani kwamba ninanunua miezi iliyokwisha kupita. Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye kitalu kingine, nikamkuta mzee aliyeniacha nichague nitakavyo, kisha akaitazama miche niliyoipanga kando.

"Mwanangu, hii umeipendea urefu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Si ndiyo iliyoshika?"

"Usitazame juu. Geuza kiriba utazame chini."

Tuligeuza. Chini ya kila mmoja wa miche yangu mirefu palikuwa na fundo la mizizi minene ya kahawia iliyotoboa nailoni na kukatwa, ikatoboa tena na kukatwa tena. Alinichagulia mingine iliyofika nusu ya urefu huo, akanipasulia kiriba kimoja kwa wembe ili nione: mizizi myembamba, myeupe kwenye ncha, iliyoelekea chini bila kuzunguka, na udongo ulioshikana lakini haujafungwa kama mpira. Aliniambia pia kwamba alikuwa ameitoa kwenye kivuli na kuipunguzia maji kwa wiki kadhaa, ili isishtuke ikifika juani. Tangu hapo nikikuta mche wenye mizizi iliyoanza kuzunguka hukata sentimita moja au mbili za kitako cha kiriba pamoja na udongo wake kabla ya kupanda, na ukiwa umezunguka sana siununui, hata ukiwa wa bure.

Shimo ninalochimba sasa lina upana wa mara tatu ya kiriba na kina kisichozidi kile cha kiriba chenyewe, isipokuwa udongo ukiwa mgumu sana, ambapo hupasua kitako na kuta zake kwa sururu ili zisibaki laini kama ndani ya chungu. Ninarudishia udongo ule ule uliotoka. Najua wengi hujaza shimo samadi na udongo mweusi wa kununua, nami nilifanya hivyo mwanzoni, lakini mzizi uliowekwa kwenye shimo la raha hauoni sababu ya kutoka humo. Samadi iliyooza vizuri huiweka juu, mvua iishushe yenyewe. Ninapanda pale mvua za kwanza zinapokuwa zimelowesha udongo kina cha sentimita 30 hivi, ili mche upate msimu mzima kabla ya mtihani.

Halafu maji. Miche yangu ile tisa nilikuwa nikiipa lita mbili kila jioni, kwa bidii iliyosifiwa na majirani, kwenye vibonde vyenye upana wa nusu mita. Hesabu yake ni rahisi na ilinitia aibu nilipoifanya: lita mbili katika bonde hilo ni sawa na mvua ya milimita 10, ambayo kwenye udongo tifutifu uliokauka hushuka sentimita chache tu, na kesho yake jua huichukua. Lita 20 zikimwagwa kwa mara moja, yaani maji yale yale ya siku kumi, hushuka karibu nusu mita, mahali ambapo jua halifiki kwa urahisi na ambapo unataka mzizi uyafuate. Mche uliopandwa karibuni huuanza kwa maji ya kila siku mbili au tatu kwa muda wa mwezi mmoja, kwa kuwa bado unaishi kwenye donge lake la kiriba, kisha nafasi hurefushwa hadi wiki, siku kumi, wiki mbili, na kiasi huongezwa kadiri bonde linavyopanuliwa. Kazi hiyo huendelea kwa viangazi viwili, wakati mwingine vitatu.

Kwa mche ulio mbali na bomba nilizika chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, hadi shingoni, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, nikakijaza maji na kukifunika. Maji hupenya ukuta wa chungu polepole, na kwa kasi zaidi udongo ukikauka, na mizizi hukikumbatia. Njia hii ilikwisha kuandikwa huko Uchina yapata miaka 2,000 iliyopita, na bado sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo. Juu ya bonde ninatandaza nyasi kavu au majani kwa unene wa sentimita tano hadi kumi, nikiacha upana wa kiganja kuzunguka shina. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya mchwa, ambao hupenda matandazo makavu na hupenda zaidi mche ulioanza kudhoofika. Kila Jumamosi ninakagua kama wamejenga njia zao za udongo kwenye gome, na nikizikuta nazibomoa kwa kidole.

Nina nondo nyembamba ya urefu wa mita moja ambayo imekuwa kifaa changu kikuu. Siku moja baada ya kumwagilia naichomeka ndani ya bonde: palipo na unyevu hupita kama kisu kwenye mkate, na palipo pakavu hugoma ghafla, na mkono huhisi mpaka huo waziwazi. Hunieleza maji yamefika wapi, na hunizuia kumwagilia kwa huruma tu.

Mkwaju uliochukua nafasi ya ule wa kwanza sikuununua. Nilichukua mbegu tatu, nikazikwaruza kwenye jiwe mpaka ganda la kahawia likaonyesha weupe, nikaziloweka usiku mmoja na kuzipanda papo hapo palipochimbwa, mvua ya pili ya msimu ilipokwisha kunyesha. Mbili ziliota, nikauacha mmoja. Kwa mwaka mzima ulionekana mdogo kuliko miche ya kitaluni ya jirani yangu iliyopandwa wiki ile ile, na alinikumbusha hilo kila tulipokutana langoni. Hiki ni kiangazi chake cha nne na cha kwanza ambacho sijaumwagia maji. Juzi nilichomeka nondo kwenye bonde lake, nayo ikagoma kwenye sentimita kumi. Majani yote yalikuwa juu ya mti, na ilipofika jioni yalijikunja kama kawaida yake.